Sultan Khan: kijana aliyewashinda mabingwa wa Ulaya, kisha akarudi shambani

Ukipita Musonoi siku ya Jumapili baada ya ibada, hukosi kuwaona vijana wameketi kivulini na ubao wa dama katikati yao. Kete zao ni vifuniko vya chupa: vya timu moja vinatazama juu, vya nyingine vinatazama chini. Babu zao walicheza kisolo, wakihesabu mbegu shimo kwa shimo. Na karibu kila penye ubao kuna kijana mmoja ambaye wenzake wanasita kuketi mbele yake. Anatazama kwa muda mrefu, anasogeza kifuniko kimoja, na mchezo umekwisha.

Sisi tunapomtazama kijana wa namna hiyo tunajiuliza: akili hii itampeleka wapi? Mama yake atasema amalize shule apate diploma ya Serikali, ingawa minervali ya muhula huu haijalipwa. Mjomba atasema ashuke mashimoni pamoja na wachimbaji wa mikono, kwa sababu nyumbani hakuna unga na kobalti inauzwa leo leo. Na siku akitokea mtu mwenye uwezo akasema atamchukua kijana na kumlea, ukoo wote utamshukuru Mungu, na hakuna atakayeuliza maswali mengi.

Ndiyo maana leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyekufa zamani, mbali sana na Lualaba. Alikuwa kijana wa kijijini aliyechukuliwa na tajiri, akafika Ulaya, akawashinda watu waliohesabiwa kuwa hodari kuliko wote duniani katika mchezo wa sataranji, ule tunaoujua kwa jina la Kifaransa la échecs. Halafu akarudi nyumbani, akalima, na hakutaka watoto wake wafuate njia yake. Jina lake ni Sultan Khan.

Mtoto wa Punjab

Sultan Khan alizaliwa mwaka wa 1903, ingawa vitabu vingine vinataja 1905, katika kijiji cha Mitha Tiwana, jimbo la Punjab. Wakati huo jimbo lote lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Leo kijiji hicho kiko ndani ya Pakistan. Jamaa yake walikuwa Waislamu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimfundisha sataranji.

Lakini mchezo aliofundishwa haukuwa sawasawa na ule wa Ulaya. Katika sataranji ya Kihindi ya siku zile, askari wadogo wa mstari wa mbele walianza kwa kusogea nyumba moja tu. Kwa Wazungu wanaweza kuruka mbili. Mfalme hakuwa na ile njia ya kubadilishana nafasi na ngome ili ajifiche pembeni. Alikuwa na ruhusa ya kuruka mara moja kama farasi. Na askari aliyefika mwisho wa ubao hakugeuka kuwa malkia kwa kupenda. Aligeuka kuwa kete ya mstari ule alikofikia. Mchezo kama huo unakwenda polepole. Vita haianzi mapema, na mchezaji anajifunza kupanga, kungoja na kubana kidogo kidogo mpaka mwenzake akose pa kwenda.

Huko ndiko akili ya Sultan Khan ilikokomaa. Alipofika miaka 21, watu walimhesabu kuwa mchezaji hodari kuliko wote wa Punjab.

Tajiri anamchukua

Katika sehemu zile palikuwa na bwana mkubwa mwenye ardhi, Umar Hayat Khan wa ukoo wa Tiwana. Alikuwa askari wa cheo, mtu aliyeaminiwa na Waingereza hata wakampa heshima ya Sir, na alipenda sana sataranji. Aliposikia habari za kijana huyu alimchukua nyumbani kwake na kumpa posho. Nia yake ilikuwa Sultan Khan afundishwe kucheza kwa sheria za Ulaya, ili siku moja ashindane na Wazungu.

Mwaka wa 1928 kijana alishindana katika michuano ya India nzima. Alicheza michezo tisa, akashinda minane, akatoka sare mmoja, na hakushindwa hata mmoja.

Tunawaomba wasomaji wa Musonoi watulie kidogo hapa, maana habari hii haiko mbali nasi kama inavyoonekana. Miaka hiyohiyo, hapa Katanga, Union Minière ilikuwa imeanza mpango wa kuwatuliza wafanyakazi karibu na migodi. Mtu alipewa nyumba kambini, posho ya unga, zahanati kwa mke wake na shule kwa watoto wake. Mambo yale yalisaidia watu wengi, na wazee wetu bado wanayakumbuka kwa shukrani. Lakini aliyetoa nyumba ndiye aliyeamua nani akae ndani yake, na nani aondoke. Sultan Khan naye aliishi chini ya mkono wa namna hiyo: mkono uliompa nafasi, na uliomshika.

London, mwaka wa 1929

Mwaka wa 1929 Sir Umar alikwenda London kuwa mjumbe wa baraza lililomshauri waziri wa Uingereza aliyesimamia mambo ya India. Alimchukua Sultan Khan pamoja naye.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Yalipangwa mashindano madogo ya kumzoeza, na Sultan Khan akamaliza mahali pa mwisho, sawa na mchezaji mwingine mmoja. Sababu ilijulikana. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wamesoma vitabu vingi kuhusu hatua za kwanza za mchezo. Waliingia ubaoni wakijua kwa kichwa hatua kumi au zaidi zilizokwisha kuchunguzwa na wengine kabla yao. Yeye hakuwa na maktaba ya namna hiyo. Kila mchezo ilimpasa aanze kufikiri tangu hatua ya kwanza, juu ya sheria ambazo hakuzizoea.

Wachezaji wawili Waingereza, William Winter na Frederick Yates, walikaa naye wakamfundisha walichoweza. Miezi michache baadaye, katika mji wa Ramsgate, yalifanyika mashindano ya ubingwa wa Uingereza. Hakuna aliyemtazamia. Sultan Khan akashinda, akawa bingwa wa nchi iliyoitawala nchi yake.

Tuelewe uzito wa jambo hilo. Mwaka wa 1929 Mhindi hakuhesabiwa sawa na Mwingereza mbele ya sheria, wala kazini, wala katika gari la moshi. Lakini juu ya ubao wa sataranji kila mmoja anaanza na kete 16, na hakuna kete inayouliza mwenye mkono ni wa rangi gani. Watu wa India waliposoma habari ile katika magazeti walifurahi sana.

Miaka minne ya ushindi

Baada ya kurudi India kwa muda, Sultan Khan alifika tena Ulaya mwezi wa Mei 1930. Kuanzia hapo alifanya safari iliyoshangaza watu wote wa mchezo huo.

Mwaka huo alikwenda Liège, katika Ubelgiji, nchi ambayo wakati huo ndiyo iliyotawala Kongo yetu, akachukua nafasi ya pili nyuma ya Savielly Tartakower. Mwisho wa mwaka akaingia katika mashindano ya Hastings, mji wa pwani ya Uingereza. Pale alikutana na José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 mpaka 1927. Capablanca alikuwa mtu asiyeshindwa kwa urahisi. Miaka iliweza kupita bila kupoteza hata mchezo mmoja. Sultan Khan alicheza naye jinsi alivyojifunza kijijini: bila haraka, akizuia njia moja, kisha nyingine, mpaka kete za yule bingwa zikawa kama watu waliofungiwa ndani ya nyumba. Katika hatua ya 65 mchezo ulikwisha. Mchezo ule umo mpaka leo katika vitabu vya kufundishia. Capablanca mwenyewe aliandika baadaye kwamba mtu aliyefikia kiwango kile katika hali kama ile alikuwa na kipawa cha ajabu.

Mara tatu Sultan Khan aliketi kwenye ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza katika mashindano ya mataifa: Hamburg mwaka wa 1930, Praha mwaka wa 1931 na Folkestone mwaka wa 1933. Ubao wa kwanza ndipo kila nchi inapomweka mtu wake mwenye nguvu kuliko wote. Huko Praha alishinda michezo minane, akatoka sare saba na kushindwa miwili tu. Kati ya walioanguka mbele yake walikuwemo Salo Flohr na Akiba Rubinstein, majina makubwa ya wakati ule. Na Alexander Alekhine, bingwa wa dunia, hakupata kwake zaidi ya sare.

Mwaka wa 1931 alimshinda Tartakower katika mfululizo wa michezo 12 ya watu wawili. Mwaka uliofuata, London, alimaliza wa tatu pamoja na Mmarekani Isaac Kashdan, nyuma ya Alekhine na Flohr. Ubingwa wa Uingereza aliushindania mara nne, akaupata mara tatu: 1929, 1932 na 1933. Wataalamu wengi wanamhesabu kati ya wachezaji kumi bora wa dunia katika miaka ile.

Katika nyumba ileile kulikuwa pia na mwanamke kijana aliyejulikana kama Bibi Fatima, naye akihudumu kwa Sir Umar. Mwaka wa 1933 aliingia katika mashindano ya ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Alishinda michezo kumi, akatoka sare mmoja, akawaacha wenzake mbali kwa pointi tatu. Tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu katika jamaa zetu nyingi binti mwenye akili haketi hata ubaoni. Anatumwa maji wakati kaka zake wanacheza.

Yaliyofichika nyuma ya ushindi

Mtu akisoma orodha hiyo ya ushindi anaweza kudhani Sultan Khan aliishi maisha ya raha. Haikuwa hivyo. Baridi na unyevu wa Uingereza vilimtesa. Alishikwa na mafua, na homa, na malaria iliyorudi mara kwa mara, na koo lilimuuma sana. Mara nyingi alifika kwenye mchezo shingo yake imefungwa vitambaa. Aliketi saa nyingi, mgonjwa, bila kuzungumza sana, akitazama kete. Bibi Fatima alisimulia baada ya miaka mingi kwamba Sultan Khan aliporudi India alijiona kama mtu aliyefunguliwa kutoka gerezani.

Halafu kuna jambo la heshima. Mchezaji Mmarekani Reuben Fine aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka wa 1933 timu yao ilialikwa nyumbani kwa Sir Umar. Kwa masimulizi yake, bingwa wa Uingereza, mtu waliyekuwa wakimheshimu kama mwenzao, ndiye aliyewaletea chakula mezani kama mtumishi, na wao hawakujua waweke wapi macho yao.

Hapa tunapaswa kusema kwa uangalifu. Magazeti ya Ulaya yalipenda kumwita Sultan Khan mtumwa au mtumishi asiyejua kusoma, na waandishi wengi wakarudia hivyo kwa miaka zaidi ya themanini. Katika miaka yetu hii wazao wake wamejitokeza kuyapinga maneno hayo. Wanasema alitoka katika jamaa ya watu wa dini wenye ardhi yao, kwamba alijua kusoma, na kwamba kuitwa mtumishi ni kumshushia hadhi. Sisi hatuwezi kuamua kila neno la ugomvi huo. Lakini jambo moja tunaliona wazi: kwa muda mrefu sana maisha yake yalisimuliwa na wengine, na mwenyewe hakuulizwa. Watu wa Musonoi wanalijua jambo hilo. Mara ngapi tumesoma habari zetu, zimeandikwa na wageni waliopiga picha ya mtoto mwenye gunia la mawe, bila kumuuliza jina lake wala anapenda nini?

Anarudi nyumbani

Mwezi wa Desemba 1933 muda wa Sir Umar kukaa London ulielekea mwisho, akarudi India pamoja na watu wake. Sultan Khan alikuwa na miaka 30 hivi. Alikuwa bingwa wa Uingereza kwa mwaka ule, na nguvu zake zilikuwa bado zinapanda. Wengi waliamini kwamba miaka yake bora ilikuwa mbele.

Mwaka wa 1935 alicheza michezo kumi na V. K. Khadilkar, mchezaji maarufu wa India. Alishinda tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo jina lake likapotea katika magazeti ya mchezo. Kutoka Punjab hadi Ulaya ilikuwa safari ya majuma mengi kwa meli na ya gharama kubwa, na bila mtu wa kulipa hapakuwa na njia. Kisha vita kuu ya pili ikaja, na mashindano mengi yakasimama. Sir Umar alikufa mwaka wa 1944. Mwaka wa 1947 India iligawanyika na kijiji chao kikawa upande wa Pakistan.

Sultan Khan alikuwa na shamba, karibu na mahali alipozaliwa. Alilima, akaoa, akalea watoto. Wageni waliojua habari zake walishangaa kwamba hakutaka kuwafundisha watoto wake sataranji kama kazi ya maisha. Kwa jinsi mwanawe mkubwa alivyosimulia, baba aliwaambia watafute jambo lenye faida zaidi la kufanya na maisha yao. Walisoma shule. Sultan Khan alikufa mwaka wa 1966 katika eneo la Sargodha, akazikwa kwao.

Kuna kipande kimoja zaidi. Mwaka wa 1950 shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, lilianza kutoa rasmi cheo cha bwana mkubwa wa sataranji, cheo cha juu kuliko vyote. Wachezaji kadhaa wa zamani, waliokuwa wameacha mashindano, walipewa kwa kazi waliyoifanya katika ujana wao. Rubinstein alipewa, na Tartakower pia. Sultan Khan, aliyewashinda wote wawili, alikuwa hai shambani kwake, na hakupewa. Cheo hicho kilikuja mwezi wa Februari 2024, rais wa FIDE alipofika Islamabad na kutangaza kwamba Sultan Khan anahesabiwa bwana mkubwa kwa heshima. Karibu miaka 58 ilikuwa imepita tangu azikwe.

Tunayofikiri sisi, hapa Musonoi

Wasomaji wengine watasema hii ni habari ya huzuni: kipawa kikubwa kilichoishia kwenye jembe. Sisi tumezungumza juu yake kwa muda, na hatukukubaliana wote.

Baadhi yetu wanaona kwamba Sultan Khan alipotezewa maisha. Alipelekwa alikopelekwa, akarudishwa aliporudishwa, na siku mwenye nauli alipoondoka London mlango ulifungwa. Wengine wanaona kwamba kurudi shambani ndilo lilikuwa chaguo lake la kwanza la kweli. Mtu aliyeugua koo kwa miaka minne katika nchi ya baridi, akichezeshwa kwa heshima ya bwana wake, ana haki ya kupenda jua la kwao, ng'ombe, na watoto wanaomwita baba. Jembe si adhabu. Sisi tunaoishi kwa mihogo na mahindi tunajua hivyo.

Lakini tulikubaliana juu ya jambo moja. Katika habari hii yote, mtu mmoja hakuulizwa kwa wakati wake: yule kijana mwenyewe. Sir Umar alikuwa mwema kwa njia yake. Bila yeye dunia isingejua jina la Sultan Khan. Hata hivyo, wema unaotoa nauli ya kwenda bila kuuliza mtu anataka nini unamwacha mikono mitupu siku ambayo mfadhili anakufa au anabadili nia. Wazee wa Musonoi waliliona kwa macho yao. Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilipodhoofika katika miaka ya 1990, posho ilikatika, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na ujuzi mikononi mwao. Walichokosa ni nafasi ya kuamua habari zao wenyewe tangu mwanzo.

Kuna mfano mwingine, wa karibu zaidi nasi. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, mwalimu Robert Katende alianza mwaka wa 2004 kuwafundisha watoto maskini sataranji, chini ya huduma ya Kikristo ya michezo. Aliwapa uji kwanza, kwa maana mtoto mwenye njaa hafikiri. Kati yao alitokea Phiona Mutesi, binti aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada na kuuza mahindi barabarani. Aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa, na maisha yake yakawekwa katika filamu mwaka wa 2016. Tunachopenda zaidi katika habari ile ni kwamba mchezo haukumtenga na shule. Ulimrudisha shuleni, na baadaye ukampeleka chuo kikuu. Siku akiacha kushindana, anabaki na kitu mkononi. Na mwalimu wake hakuhamia kwingine. Alibaki palepale mtaani na watoto wengine.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, na ninyi viongozi wa vijana katika makanisa yetu ya mashariki: mkiona kijana mwenye kipawa, cha sataranji au mpira, cha gitaa au hesabu, msikimbilie kushangilia kabla ya kuketi naye. Muulizeni anapenda nini. Mfadhili akija, muulizeni maswali matatu mbele ya kijana: shule yake itaendeleaje, atarudi nyumbani lini na kwa nauli ya nani, na itakuwaje siku asipotaka kuendelea. Mfadhili mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, mmejua jambo mapema.

Na kwa ninyi vijana: msidhani kwamba ushindi wenyewe utawaamulia maisha. Sultan Khan alimshinda Capablanca, na asubuhi iliyofuata bado alikuwa mgonjwa katika nyumba ya mtu mwingine. Jifunzeni mchezo wenu vizuri, kwa uvumilivu kama wake. Lakini mshike pia kalamu, na kazi ya mikono, ili siku ya kuchagua muwe na zaidi ya njia moja. Tena mkichagua kurudi shambani, au kufundisha, au kutengeneza mitambo, chaguo hilo likiwa lenu, asiwepo mtu wa kuwaita walioshindwa. Katika mfano wa talanta tunaousoma kanisani, bwana aliporudi alitaka hesabu kwa kila mtumishi mwenyewe. Hakuna aliyetoa hesabu kwa niaba ya mwenzake.

Jumapili ijayo tutapita tena pale kivulini. Yule kijana ambaye wenzake wanamwogopa atakuwepo, na vifuniko vyake vya chupa. Safari hii tumepanga kuketi mbele yake, ingawa tunajua atatushinda mapema. Mchezo ukiisha tutamuuliza yeye anataka kwenda wapi.